Kitanda cha Tela

Mdogo wangu Latifu alikuwa fundi wa kuchomelea mtaani kwetu, Picha ya Ndege, na ubishi wake ulinishinda tangu utotoni. Mwaka jana alitengeneza tela la kulala, lina godoro, jiko la gesi na dirisha la pazia. Alitaka alifunge nyuma ya gari, yeye na mkewe Mwamvita wazunguke nchi mpaka Kigoma, mwezi mzima. "Watu wazima na akili zenu, mnatembea na nyumba kama konokono," nikamwambia. Mwamvita akacheka mpaka akakaa chini. Mimi mdomo wangu mchafu, lakini moyoni nilifurahi kuwaona wanavyopanga vyombo vyao.

Sasa sikilizeni kosa letu. Nasema letu.

Mwezi huohuo msikiti ulimpa Latifu kazi ya kutengeneza jeneza jipya. La zamani, la mabomba ya chuma, lilikuwa limebeba maiti za mtaa miaka thelathini, mama yetu akiwemo. Mzee Mwishehe, anayetunza vyombo vya maiti, alitukabidhi akasema, "Hili la zamani lifukieni." Tukaitikia. Lakini Latifu alikuwa amepungukiwa chuma cha kitanda cha tela. Akayagongagonga yale mabomba, akanitazama. "Kaka, chuma ni chuma." Mimi ndiye niliyeyashika wakati anakata. Mzee Mwishehe alipouliza, nikamwambia tumeshafukia. Nilidanganya mchana kweupe, tena nina udhu.

Waliondoka Jumamosi baada ya chai. Walitaka kwanza wapite Maneromango kumuaga Bi Mwanne, shangazi yake Mwamvita. Yaliyofuata alinisimulia Mwamvita mwenyewe.

Walipofika Kisarawe mjini, Latifu akaanza kutetemeka. Saa tano, jua linachoma, yeye analalamika baridi ya mgongo. Akaenda kujilaza kwenye tela. Mlango ulikuwa unafunguka wenyewe kwenye mashimo, kwa hiyo akamwambia mkewe aufunge kwa kufuli, kwa nje. Mwamvita akafunga, ufunguo akautia mkobani, akashika usukani.

Kabla ya kijiji cha Masaki, njia ya Maneromango, bodaboda mmoja alisimama ghafla kando ya barabara. Akashuka. Akavua kofia ngumu, akainamisha kichwa. Mbele kidogo watu wa mkaa wakatua mizigo yao, wakasimama. Wanawake waliokuwa wanamenya mihogo wakajifunika kanga, wakanyamaza. Mwamvita akadhani wanalishangaa tela, akawapungia mkono. Hakuna aliyempungia.

Baada ya Masaki barabara ikawa mbovu kweli. Lakini gari likawa jepesi. Tela halikugonga tena, wala halikulia. Akatazama kwenye kioo cha pembeni.

Wanaume. Kanzu na kofia. Wamelizunguka tela, mabega yao chini yake. Magurudumu hayakugusa ardhi.

Wa mbele walikuwa wanapisha, wengine wanaingia. Bila kusukumana, bila neno. Walikuwa wanatembea tu, na gari lilikuwa kwenye mwendo wa arobaini.

"Latifu," Mwamvita akanong'ona. "Latifu, baba."

Akapiga honi. Hakugeuka mtu. Akakanyaga breki kwa miguu yote miwili.

Tela likatua kwa kishindo. Akashuka mbio. Barabara tupu. Ufunguo ukamponyoka mara mbili, akafungua kufuli. Dirisha lilikuwa limefungwa kwa ndani. Kandambili za Latifu zilikuwa chini ya kitanda. Godoro lilikuwa limebonyea pale alipolala, na bado lilikuwa na joto lake. Latifu hakuwemo.

Tulimtafuta siku tisa. Polisi, vijana wa Masaki, watu wa Maneromango, mikorosho yote tuliipekua. Nikamwendea Mzee Mwishehe, nikamwambia ukweli kuhusu yale mabomba. Nilitaka anitukane. Hakunitukana, alilia. "Kaburi lake liko wapi?" akaniuliza. "Tukilijua, angalau mkewe ataingia eda." Mpaka leo hatujui tumsomee hitima au tumsubiri, na Mwamvita anapika chakula cha watu wawili. Jamani, inauma.

Wiki iliyopita alikuja kukaa uani kwangu. Akahakikisha mke wangu yuko ndani, kisha akasogea karibu.

"Shemeji, kuna neno sijamwambia mtu."

"Liseme."

"Kwenye kile kioo, yule wa mbele, upande wa kulia, ulikuwa wewe. Honi nilikupigia wewe. Mbona hukugeuka?"

Jumamosi ile adhuhuri nilikuwa nimelala chumbani kwangu, Picha ya Ndege. Mke wangu ni shahidi, aliniona usingizini na akanionea huruma asiniamshe.

Lakini niliamka alasiri bega la kulia limevimba, limevilia damu. Mikono yangu ilikuwa na udongo mwekundu mpaka kwenye viwiko, kama mtu aliyeshuka kaburini kupokea maiti. Niliosha kabla mtu hajaniona, nikanyamaza.

Kwa hiyo mahali alipolazwa mdogo wangu, mimi ninapajua. Kila usiku najilazimisha kukumbuka, na sikumbuki.