Nikupokee, Mama

Haya yalimkuta rafiki yangu Modesta mwaka tisini na nne, enzi za mgao wa umeme, alipokuwa mhudumu wa makumbusho fulani karibu na Kiseke. Pale wageni waliruhusiwa kushika vitu: kupiga ngoma, hata kusaga mtama kwenye jiwe la kale.

Alasiri moja wingu la mvua lilitanda, umeme ukakatika. Modesta akaenda kufunga chumba chenye jiwe hilo, na humo gizani akasikia: kwaru, kwaru, kwaru. Akadhani ni mgeni aliyesahaulika. Kwao, ukimkuta mama anasaga, humpiti hivi hivi, unampokea usage kidogo naye apumzike.

"Shikamoo, mama. Lete nikupokee."

"Marahaba," sauti ikajibu, chini, karibu na goti lake.

Akapiga magoti. Jiwe dogo la kusagia likawekwa viganjani mwake, lina joto. Akasaga, huku pumzi ya mtu ikimpiga shavuni.

Mlinzi, Revocatus, akaingia na taa ya chemli. "Dada Modesta, unaongea na nani? Wageni wote nimewatoa mwenyewe."

Modesta akatazama chini. Kwenye unga uliotapakaa sakafuni, ubavuni mwake, palikuwa na alama za magoti mengine mawili, nazo zilikuwa bado zinazidi kubonyea.