Mlango wa Banda la Darsait

Mlango wa banda la gari ulianza kukataa kufunga siku ya arubaini ya msiba, wageni walipokwisha kula na kuondoka. Sleyum aliusukuma kwa bega kama kawaida yake. Ukaja, ukaja, kisha ukasita, ukabakisha uwazi wa shubiri moja.

Hakushtuka. Tangu alipotoka Unguja mwaka wa sitini na nne, riziki yake ilikuwa kuendesha na kutengeneza gari la tajiri mmoja wa Matrah, huko Omani, na banda lile, ubavuni mwa nyumba yake hapo Darsait, alilijenga kwa mikono yake. Akafagia mchanga kizingitini. Akatia mafuta bawaba. Kesho yake akaungoa mlango mzima, akaupiga randa, akaurudisha na kuupima kwa timazi. Timazi ikaonyesha mlango hauna kosa. Uwazi ukabaki vile vile.

Kilichomtisha ni mguso. Mlango haukugota kwenye kitu kigumu. Ulikuwa kama unazuiwa kutoka ndani, taratibu, na kiganja kidogo.

Hamdiya, binti yake wa pekee, alikuwa na miaka minne. Mchana mmoja wa Juni alijipenyeza bandani akacheza nyuma ya gari, na baba yake, asijue, akafunga mlango, akatia komeo, akaenda kulala. Adhuhuri ya kiangazi Darsait hata mbwa hatoki, nani angesikia? Walipomkuta alasiri, keshakufa, na upande wa ndani wa mbao ulikuwa na alama za kucha. Kheiria, mkewe Sleyum, hakumlaumu hata kwa neno moja, na kunyamaza kwake kulimchoma mumewe kuliko matusi.

Siku ya tatu ya kuhangaika na mlango, jua likiwa utosini, Sleyum alipiga magoti kuitazama bawaba ya chini. Ikamjia harufu ya mafuta ya nazi yaliyopata moto, yale aliyokuwa akipakwa mtoto nyweleni, na nyuma ya harufu pumzi, fupi fupi, zikihema karibu na sikio lake mpaka nywele za shingo zikamsimama, naye akataka kukimbia, miguu ikakataa, akataka kusoma Ayatul Kursiy, ulimi ukamganda, na kutoka kwenye kile kiza cha shubiri moja ikatoka sauti anayoijua kuliko sauti yake mwenyewe.

"Baba. Kiu."

Alipoweza kusimama, akaingia chumbani kwao. Kheiria alikuwa kajikunyata pembeni mwa kitanda.

"Umesikia?" Sleyum alinong'ona.

"Nnasikia tangu juzi," Kheiria akajibu, kwa sauti ndogo. "Nilidhani nnapata wazimu peke yangu."

Tangu siku hiyo Sleyum akawa anaweka bakuli la maji mlangoni kila adhuhuri. Alasiri hulikuta kavu. Naye akaanza kukauka: midomo ikapasuka, macho yakaingia ndani, akawa anamaliza mtungi mzima na koo lisilowe. Kazini haendi. Kheiria alipoona mume naye anamponyoka, akatuma watu Sib wamlete Bi Nasriya, mwanamke aliyesifika kwa kutoa majini.

Bi Nasriya alifukiza mvuje kuzunguka banda, kisha akamvuta Sleyum kando.

"Mwanao keshanyweshwa na Mola wake. Huyu ni jini, kapata jeraha lako, kaliingia. Maji anayokunywa ni yako wewe."

"Sauti ni yake, Bi Nasriya. Wallahi ni yake."

"Basi muulize jina la kubembelezwa, alilokuwa akiitwa na mamake. Asipolijua, funga. Na ufunge mwenyewe. Nikifunga mimi, atarudi."

Kheiria aliambiwa abaki ndani na msahafu wake. Sleyum akasimama penye uwazi.

"Mama anakuitaje, mwanangu?"

Zikaja pumzi tu, fupi fupi.

"Mama anakuitaje?"

"Baba. Kiu."

"Funga!" akasema Bi Nasriya.

Akaweka bega. Kile kiganja kikasukuma, kidogo, kikachoka, na Sleyum analia na kusukuma, anasoma na kusukuma, mbao zikikwaruza ndani kama zinavyokwaruzwa na kucha, uwazi ukawa vidole vitatu, ukawa kimoja, na pale ulipobaki kama unene wa kisu, sauti ikasema, upesi, kama mtoto aliyekumbuka somo lake:

"Kashata! Mama huniita Kashata!"

Mlango ukafunga.

Sleyum aliuvamia mlango aufungue tena. Bi Nasriya akamshika mikono kwa nguvu asizodhaniwa kuwa nazo. "Kaliiba moyoni mwako," alimwambia. "Majini husikia. Usifungue." Wakasikiliza pamoja. Ndani hapakuwa na pumzi tena, wala harufu.

Jioni ile maji yalishuka kooni mwa Sleyum kama ya mtu mzima wa afya. Kheiria akamletea chakula, akaketi karibu naye.

"Alijibu nini?"

Sleyum alikisogeza chakula kando.

"Hakujibu kitu."

"Alhamdulillahi," Kheiria akasema, akalia, kisha akajilaza palepale kwenye mkeka, akapata usingizi wake wa kwanza tangu Juni. Sleyum akamfunika shuka, akabaki kaketi.