Jino la Bibi na Gurudumu la Mwoka Mikate

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kiherehere aligonga magurudumu. Baba yake alikuwa daktari wa meno kabla ya kuanza kutengeneza mikokoteni, na mazoea ya zamani hayakumtoka. Karakanani alivaa koti jeupe, na akishika msumari huuambia mkokoteni, "Pole, hautauma." Kila spoki ya mbao ilipaswa kugongwa kwa mpini wa kioo chake kidogo cha kutazamia meno. Nzima hulia ngo. Mbovu husema bu.

Siku moja Kiherehere aligonga tatu tu, akasikia wenzake wakiruka kamba nje. Miguu ikamwasha.

"Zote umezigonga?" baba aliuliza.

"Zote, baba," alijibu, akatoka mbio kuruka kamba.

Punde mwoka mikate akaja kuchukua mkokoteni wake mpya. Alifuatana na mama yake, bibi mwenye maneno mengi, aliyekataa katakata kurudi kwa miguu. Akapandishwa juu ya magunia ya unga, akatulia kama bibi harusi, mkokoteni ukaanza kuondoka.

Kiherehere aliacha kamba. Mbele kulikuwa na mteremko mkali unaoishia mtaroni. Akisema, baba atakasirika. Asiposema, bibi wa watu ataumia. Aliogopa sana, lakini akakimbia.

"Simameni! Nilidanganya! Niligonga tatu tu!"

Baba akatoa kioo chake, akagonga. Ngo, ngo, ngo. Ya saba ikasema bu. Akaisukuma kwa kidole, ikavunjika kama bua kavu.

"Unaona ubaya wa uongo?" baba alifoka. "Mimi mwenyewe niliacha udaktari kwa ajili hiyo! Kwa haraka zangu nilimng'oa mtu jino zima, nikamwambia limeoza."

"Mtu gani huyo?" bibi aliuliza kutoka juu ya magunia, ulimi ukipapasa pengo lake.

Baba alitazama viatu vyake. "Ni wewe, mama. Nisamehe."

"Lo! Miaka sita natafuna upande mmoja!" Bibi alicheka mpaka unga ukapeperuka. "Mtoto huyu amesema kabla sijaanguka. Wewe je? Sikilizeni nyote wawili: kosa likisemwa mapema hutengenezeka. Spoki utaibadilisha leo. Jino langu utalirudisha vipi?"

Spoki mpya ilipotiwa, Kiherehere aligonga zote ishirini na nne. Bibi alizihesabu kwa sauti, maana katika karakana ile hakumwamini tena mtu yeyote, mkubwa wala mdogo.