Kidole Chenye Mate

Jioni ile alitoka kwenda kununua udongo tu. Udongo, kama wewe unavyotoka kwenda kununua chumvi.

Alikuwa mtengeneza katuni, lakini si zile za kuchora kwenye kompyuta. Wenzake wachache katika kazi hiyo, wanaojitegemea kama yeye, kila mmoja alikuwa na wazimu wake: huyu anakata karatasi, yule anamwaga mchanga juu ya kioo chenye taa. Yeye alifinyanga. Anatengeneza kikaragosi cha udongo juu ya mifupa ya waya, anakisogeza kidogo, anapiga picha, anakisogeza tena, anapiga nyingine. Asubuhi nzima inakwisha, kikaragosi kimeinua mkono tu. Mdogo wake, aliyekuwa akivishonea vikaragosi nguo, alisema kazi hiyo ingewafaa wafungwa.

Safari hii hakukuwa na mzaha. Filamu ilikuwa ya marehemu mama yao, na mtazamaji aliyekusudiwa alikuwa mmoja: baba. Baba alikuwa akisahau. Alianza kusahau miwani, yakafuata majina ya majirani, na sasa aliutafuta uso wa mkewe kichwani asiuone, akalia kama mtoto.

"Dada, fanya hima," mdogo wake alimwambia. "Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Akitusahau na sisi je?"

Udongo aliouzoea ulikuwa umeadimika madukani. Akaelekezwa kwa mzee mmoja nyuma ya gereji, chumba kisicho na bango. Mzee alivaa glavu mikono yote miwili, na joto lote lile. Akamfunulia bonge lililofungwa kwenye nailoni. Rangi ya ngozi. Laini. Ukilibonyeza, linarudi polepole...

"Huu haupasuki kwenye taa," mzee alinong'ona. "Ila mwanangu, usiulainishe kwa mate."

Akacheka. Mzee hakucheka.

Wafinyanzi wa kazi ile wana adui mmoja, alama za vidole. Zikibaki, kwenye filamu ngozi ya kikaragosi inatokota kama uji, kwa hiyo lazima zifutwe kabla ya kila picha. Wenye adabu zao hutumia brashi na mafuta. Yeye, tangu ajifunze kazi, alilamba dole gumba akapangusa. Lamba, pangusa, piga. Kawaida ni kama sheria, na sikio la kufa halisikii dawa.

Chumba chake cha kazi kilikuwa giza mchana kutwa. Madirisha alikuwa ameyafunika kwa mablanketi ili jua lisimharibie mwanga wa taa. Humo, kesho yake, akamfinyanga mama ameketi kwenye kigoda, anakunja mashuka na kucheka. Paji pana. Kishimo kwenye kidevu. Akalamba. Akapangusa. Akapiga.

Harufu ilianza kabla ya chakula cha mchana. Udongo ulipopata joto la taa, ulitoa jasho. Jasho hasa, matone ya mafuta juu ya mdomo wa kikaragosi, na harufu ya kitambaa cha jikoni kilicholala na maji yake. Akaziba pua, akapumua kwa mdomo. Afadhali asingefanya hivyo. Ladha ilikuwa humo tayari, imeganda juu ya ulimi kama mafuta kwenye sahani iliyosahauliwa.

Kisha akauona unywele shavuni mwa kikaragosi. Akaushika kwa kibanio, akauvuta. Ukaja. Ukaendelea kuja, mrefu, wenye mvi, na mwisho wake ukatoka na kijinyama cheupe.

Kinyaa kilimpanda mpaka machozi yakamlengalenga. Mwenye akili timamu angelitupa bonge lile jalalani na kusugua mikono kwa dawa ya choo. Lakini uso ule... Hakuwahi kuipata sura ya mama sawasawa namna ile. Alikuwa mama mwenyewe. Na kule sebuleni baba alikuwa anauliza, "Hivi yule mke wangu alikuwaje?"

Akalamba dole. Akapangusa lile tundu la unywele.

Aibu yenyewe ni hii: siku zilivyosonga, akawa analamba hata pasipo alama ya kufuta.

Filamu ilipokamilika, aliketi kuitazama kwenye kompyuta. Mama anakunja shuka. Mama anacheka. Katikati ya kicheko, mkono ukapita. Ni kosa la kila leo katika kazi ile, kusahau mkono ndani ya picha. Akairudisha nyuma, akaisimamisha picha hiyo ili aifute.

Mkono ulikuwa wake. Lakini haukuwa umekishika kikaragosi.

Kikaragosi ndicho kilichoushika.

Kidole chake cha udongo kilikuwa kimezama kwenye kiwiko cha mkono wake. Kwenye picha iliyofuata, kidole kile kilikuwa mdomoni mwa kikaragosi, kinalambwa... na yeye hakuwahi kukifinyangia ulimi.

Akaukunja mkono, akatazama. Pale kwenye kiwiko palikuwa na kishimo kidogo kama harage. Hakikuuma. Akabonyeza kando yake, na nyama ikarudi polepole. Akalisogeza dole gumba kwenye taa. Halikuwa na mstari hata mmoja.

Alifika kwa mzee jua likizama. Akamwonyesha dole. Mzee akavua glavu moja taratibu, nayo ikatoka na utelezi. Kiganja kilikuwa kitupu, bila mstari, na vidole vimegandana, kama kazi iliyoachwa njiani.

"Na mimi nilikuwa natengeneza sinema hizo," alinong'ona. "Na mimi nilikatazwa."

"Mzee, udongo huu umetoka wapi?"

"Sijui. Nilipewa na mtu, naye alipewa na mtu. Ninachojua, kila anayeulamba, bonge linaongezeka." Akamsogelea, akamchunguza uso kwa macho yenye ukungu. "Hicho kishimo cha kidevu... siku ile ulikuja nacho?"

Alirudi nyumbani akitema mate njia nzima. Yalikuwa ya kijivu, mazito, yakining'inia mdomoni yasikubali kukatika.

Mdogo wake alikuwa amekwisha kumketisha baba sebuleni, tayari kwa filamu. Alipomwona dada yake mlangoni, kikombe kilimponyoka. Akajiziba mdomo kwa kiganja.

Lakini baba aliinuka. Uso wake ulichanua furaha ambayo haikuonekana nyumba ile tangu msibani. Akamshika binti yake mashavu kwa mikono miwili, na vidole vyake vikazama kidogo...

"Mke wangu," akasema. "Nimekutafuta mno."

Alitaka kusema, baba, ni mimi. Ulimi ulikuwa umenata juu ya kaakaa. Kupitia mlango wa chumba cha kazi aliziona taa zinawaka, na kikaragosi kwenye kigoda chake. Kilikuwa kimegeukia sebuleni. Uso wake haukuwa tena wa mama. Ulikuwa ule ambao yeye mwenyewe huuosha kila asubuhi, na mdomo umeachama kama wa mtu anayeita.

Baba aliangaza huku na huko, akakunja uso.

"Mbona simwoni binti yetu mkubwa?" akauliza. "Hebu mwite, mama watoto. Mwite tukae wote."