Subufa ya Nne

Mangeni alikuwa anatambaa sakafuni sebuleni kwake, sikio karibu na zulia, ndipo mkewe Juliet alipoona kidole gumba cha mguu wa mama mkwe kikitikisika.

Ilikuwa Jumamosi alasiri. Mama Taaka alilala kitandani pake, kwenye kona ya sebule, kama alivyolala kwa miaka miwili tangu aanguke mlangoni na kupooza mwili mzima. Hakusema. Hakuinua mkono. Kidole hicho hakikuwa kimesogea hata siku moja.

"Baba Shallon," Juliet alimwita mumewe, kwa jina la binti yao aliyekuwa shule ya bweni. "Mama amesogeza kidole."

"Ngoja kwanza," Mangeni alijibu, akaendelea kutambaa.

Mangeni alikuwa wakala wa forodha mpakani Busia, upande wa Uganda, na mapenzi yake makubwa yalikuwa sinema. Nyumba aliijenga katika boma la marehemu baba yake, nje kidogo ya mji, na sebule aliigeuza ukumbi. Madirisha aliyaziba kwa mapazia mazito meusi, hata mama yake akawa analala gizani mchana kutwa. Skrini ilijaa ukuta mzima. Amplifaya mbili za nguvu alizivusha kutoka upande wa Kenya, na subufa nne, spika za sauti nzito ya besi, kwa sababu fundi wake Ben alimweleza kwamba subufa moja hushibisha kiti kimoja na kuacha kingine na njaa. Zikiwa nne, zikapangwa vizuri, besi hukaa sawasawa chumba kizima.

Tatu zilikuwa tayari mahali pake. Kwa ile ya nne, Ben alimfundisha ujanja wa mafundi: iweke juu ya kiti chako, ipige, kisha utambae kando ya kuta. Pale utakaposikia besi safi kuliko kwingine, hapo ndipo pake.

"Hapa!" Mangeni alipaza sauti. Kichwa chake kilikuwa chini ya kitanda cha mama yake. "Hapa ni safi kabisa!"

Ben alikuna shingo. "Hapo hatuweki, buda. Mathe analala hapo."

"Hasikii chochote huyo. Weka."

Ben aliiweka.

Kesho yake, baada ya ibada, Mangeni alifungulia filamu ya vita. Mabomu yalipoanza, sakafu ilinguruma, na Juliet akasikia harufu ya nywele zinazoungua. Alikimbilia jikoni, hakukuwa na kitu motoni. Aliporudi, mumewe alikuwa amesimama katikati ya chumba, rimoti mkononi, macho yamemtoka.

"Mangeni," Mama Taaka aliita.

Ilikuwa sauti yake ileile, ya ukali kidogo, ya kuita watoto kutoka shambani. Lakini Juliet alimtazama vizuri. Mdomo wa bibi ulikuwa wazi kidogo na ulimi haukusogea. Sauti ilitoka kifuani, pale ambapo besi ilikuwa inapiga.

Mangeni alipunguza sauti ya filamu ili amsikie. Mama akanyamaza palepale. Alipoongeza, akarudi.

"Niliteleza mwenyewe, mwanangu. Sakafu ilikuwa na maji. Usijilaumu."

Mangeni alipiga magoti, akalia kama mtoto. Juliet naye alitokwa na machozi, ila alijiuliza: kila mtu wa boma hili alijua kwamba mama aliteleza. Nani aliyekuwa amemlaumu?

Tangu siku hiyo Mangeni hakwenda tena mpakani. Aliamka, akawasha amplifaya, akakaa kando ya kitanda. Filamu hakuzitazama, alitafuta tu zile zenye ngurumo, akazirudiarudia. Sauti ilimsimulia utoto wake, ikamwita majina ya zamani, ikamsamehe mara mia. Kila mara iliishia kwa neno moja: "Ongeza." Naye akaongeza. Chakula alichoandaliwa kilipoa mezani. "Mama amenilisha," alisema, huku mashavu yakibonyea.

Juliet ndiye aliyemwogesha mkwe wake. Aliona mbavu zimevilia damu, michirizi ya zambarau iliyozidi kila asubuhi, na katika sikio la kulia damu iliyokauka. Siku moja, akiwa anapangusa hilo sikio kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu, Mangeni akiwa ametoka kwenda chooni na filamu ikinguruma, kifua cha bibi kilitetema chini ya kiganja chake na ile sauti ikasema polepole, bila ukali wowote, kama mtu anayepanga mambo yake ya kesho:

"Msichana wa Petta. Hili gunia limeanza kutoboka. Likiisha, nitavaa lako."

Juliet, aliyezaliwa Petta, hakumaliza kuosha. Alipanda bodaboda mpaka Mulanda, akarudi na Akongo, aliyesifika kwa kutoa pepo.

Akongo alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, mjane, mkono mmoja umekauka. Hakuja na hirizi wala ngoma. Alisimama mlangoni, akanusa, akamwuliza Mangeni, "Nani aliweka hii vitu hapa?"

"Mimi."

"Basi nimeelewa. Hii kitu iliingia kwa mkono yako, itatoka kwa mkono yako. Usizime. Beba moja moja, peleka nje, ikiwa inapiga hivi hivi."

Mangeni alikataa. Juliet alimfunulia mbavu za mama yake. Alizitazama, akaziendea subufa.

Alipobeba ya kwanza, ikiwa bado inapiga, na kuipeleka barazani, sauti ilicheka. Alipotoa ya pili, iliacha kucheka, ikaanza kumsihi, ikamtajia maziwa aliyonyonya na usiku aliougua surua. Alipotoa ya tatu ilibadilika, ikawa ya mwanamume, ikawa ya mbuzi, ikawa ya wote wawili, na Akongo akaanza kuimba zaburi kwa Kidhopadhola huku jasho likimtiririka na harufu ya nywele zinazoungua ikijaa chumba hata Juliet akatapika kwenye leso yake. Na Mangeni alipopiga magoti kuvuta ile ya nne kutoka chini ya kitanda, sauti ilirudi kuwa ya Mama Taaka, ndogo, ya kizee, ikisema, "Mwanangu, unanizika nikiwa hai? Unanizika nikiwa hai?" naye akalia kwa nguvu, akaivuta hivyo hivyo, akaibeba, akatoka nayo, nyaya za zote nne zikikatika nyuma yake.

Kimya kikaanguka. Akongo alikata kamba za mapazia, na mwanga ukaingia.

Macho ya Mama Taaka yalikuwa yanawatazama.

"Huyu yupo," Akongo alisema taratibu. "Siku zote alikuwepo. Mwulizeni. Ndiyo, afunge macho mara moja. Hapana, mara mbili."

Juliet aliinama. "Mama, ile sauti ilikuwa yako?"

Mara mbili.

"Ilikuwa inakuumiza?"

Macho yalifungwa mara moja, yakakaa hivyo kwa muda mrefu, na machozi yakapenya pembeni.

Mangeni alimsukuma mkewe kando. "Lakini uliteleza, mama," alisema kwa haraka. "Hilo lilikuwa kweli. Sakafu ilikuwa na maji. Sema uliteleza."

Mama Taaka alimtazama mwanawe. Akafumba, akafumbua. Akafumba tena.

Hapo ndipo Juliet alipojua. Alikumbuka ugomvi wa siku ile, mama amesimama katika mlango wa nyumba yake ya zamani akikataa ibomolewe, na Mangeni peke yake mbele yake.

"Ulimsukuma," alisema.

Mangeni alitoka nje.

"Choma hivyo vitu leo," Akongo alimwagiza Juliet akiondoka. "Ikiitwa tena, haitahitaji mwili ya mgonjwa. Itakuwa imezoea nyumba."

Mangeni alisema Ben atakuja kuzichukua, hasara ya nini kuchoma. Akazifunika kwa turubai barazani. Siku tatu hakumkaribia mama yake. Juliet alimlisha uji, akamgeuza upande wa dirishani, akamwambia mambo ya shamba, naye akamjibu kwa macho.

Siku ya nne Juliet alikwenda kung'oa karanga. Jua lilikuwa utosini alipohisi mtetemo katika nyayo zake, ukipanda miguuni mpaka tumboni, na kabla hata hajasikia chochote alikuwa ameshaacha kikapu na kuanza kukimbia kati ya matuta, akipita migomba, akipita kaburi la baba mkwe, akimwita mumewe kwa jina lake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe. Mapazia yalikuwa yamerudishwa. Ndani, gizani, Mangeni alikaa sakafuni katikati ya subufa zake nne, uso umetulia, na sauti ilikuwa inambembeleza, "Uliniokota, mwanangu, hukunisukuma, uliniokota," na kitandani damu ilikuwa inatoka katika masikio yote mawili ya mama yake.

Juliet alimpita mumewe. Alimwinua bibi, akamweka mgongoni, akamfunga kwa leso kama mtoto, akatoka naye mpaka nyuma ya jiko. Alimlaza kivulini.

"Mama. Mama, tumetoka."

Mama Taaka alifunga macho mara moja. Juliet alingoja ayafungue. Hakuyafungua.

Na ndani ya nyumba sauti haikukatika. Ilikuwa inaendelea kumsimulia mwanawe, tamu, bila haraka, na Mangeni alikuwa anaitikia, "Ndiyo, mama. Ndiyo, mama."

Walimzika Alhamisi, kando ya mumewe. Wanaume watatu walijaribu kumtoa Mangeni. Wakatoka wakifuta pua zilizojaa damu, wakakataa kurudi. Ben alikata umeme kwenye mita. Ngurumo ilipungua kidogo tu.

Katekista alifupisha maombi. Jeneza liliposhushwa, wanawake waliinua wimbo kwa nguvu ili wasisikie yanayosemwa ndani, na Juliet aliimba kuliko wote. Walimaliza ubeti wa kwanza. Kwenye ubeti wa pili, kutoka nyuma ya mapazia meusi, sauti ya Mama Taaka ilijiunga nao, ikashika besi, ikaimba kila neno sawasawa, na hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kunyamaza.