Fundi, Mkoromo na Kopo la Biskuti

Mume wangu ni fundi cherehani. Ameshona nguo mtaani kwetu miaka thelathini na minane, na mpaka juzijuzi hakuwahi kuandika kipimo cha mtu hata siku moja. Anakupima mara moja tu, kiuno, mabega na miguu. Kisha anagusa kichwa chake kwa kidole na kusema, "Umeshaingia." Ukirudi baada ya miaka miwili, vipimo vyako bado anavyo. Watu walimtania kwamba siku akifa, mtaa mzima utatembea uchi.

Mimi ni mke wake. Nasema sana, nalijua hilo, msinikumbushe. Lakini haya nitayasimulia yote, hata yale yanayoniaibisha, maana huenda yakamsaidia mtu.

Mambo yalianza na walinzi wawili wa shule. Mmoja tunamwita Pipa, mwingine Ufito, na mkiwaona hamtauliza kwa nini. Walileta vitambaa vya sare mpya. Fundi akashona. Siku ya kuchukua nguo, suruali ya Pipa iligoma kwenye magoti. Ya Ufito ilipita kiuno ikaanguka chini, akabaki amesimama katikati yake. Mume wangu aliwatazama wote wawili, akawaambia kwamba wamebadilika sana tangu mwaka jana.

Tulicheka mpaka machozi. Wiki iliyofuata alishona koti lenye mikono miwili ya kushoto, na hapo kicheko kilipungua. Halafu akasahau pasi juu ya gauni la mteja, gauni likatoboka. Asubuhi moja aliniuliza mara tatu kama amekunywa chai, na kikombe alikuwa nacho mkononi. Mchana alikuwa analala juu ya cherehani. Kinywa kilimkauka, kila saa anataka maji. Chooni alikaa muda mrefu mpaka nikawa napiga hodi.

Nikampigia simu binti yetu, ambaye ni mwalimu wa darasa la kwanza. Alikuja Jumamosi na karatasi, gundi na kalamu nene. Kabla ya jua kuzama, nyumba yote ilikuwa imebandikwa maandishi. SUKARI. CHUMVI. MLANGO. Hata ukuta alitaka kuuandika, nikamkataza. Baba yake akamwomba karatasi moja na kalamu. Kesho yake nilikwenda sokoni, nikaona watu wananicheka kila ninapopita. Muuza nyanya ndiye aliyenionea huruma. Alinibandua karatasi mgongoni, na juu yake kulikuwa na neno moja: MKE.

Mtu anayefanya utani kama huo akili zake zipo. Nilipaswa kuyaona hayo siku ile. Lakini mimi nilikasirika tu.

Tukakaa kikao cha familia, yaani mimi na binti yangu. Tuliamua kwamba baba apumzike. Cherehani ipelekwe kwa binti, duka lifungwe, tutafute mtu wa kupanga aingie mwisho wa mwezi. Tulipomwambia, hakubisha. Aliipaka cherehani mafuta, akaifuta vumbi, akaifunika kitambaa, kisha akatoka nje asiione inavyobebwa. Niliumia sana siku ile. Lakini nilijiambia kwamba mapenzi ndiyo hayo, kumwondolea mtu mzigo.

Nikamwondolea kila kitu. Nilimfungia vifungo vya shati. Nilimkorogea chai. Akitaka kutoka, namwambia akae. Alishinda dirishani, vidole vyake vikisogea juu ya mapaja kama anayesukuma kitambaa chini ya sindano. Baada ya wiki mbili hakujua leo ni siku gani. Nami nikasema, si mnaona, tulifanya vizuri kumpumzisha.

Hospitali tulikuwa tumeshakwenda. Foleni ilikuwa ndefu. Daktari jicho moja lilikuwa kwetu, jingine mlangoni kwa waliokuwa wanasubiri. Akauliza tatizo, nikajibu mimi. Akauliza miaka, nikajibu mimi. Akaandika kwamba ni uzee, tukarudi nyumbani. Dakika nne, tangu kukaa kwenye kiti hadi kuinuka.

Jirani yetu anafanya usafi katika hospitali hiyohiyo. Alikuja kuazima kamba ya kuanikia nguo, akamkuta Fundi pale dirishani, akauliza cherehani iko wapi. Nikamweleza. Akatikisa kichwa, akasema turudi tena hospitali, safari hii Jumatano. Alisema wakubwa wa pale walikaa wakapitia mafaili ya zamani, wakaona kwamba wazee wanapitishwa mbiombio na wengi hawaulizwi hata dawa wanazotumia. Sasa kila Jumatano kuna chumba cha wazee, na kila mmoja anapewa nusu saa nzima.

"Na mbebe dawa zote," akasema. "Si za hospitali tu. Hata za dukani, hata za majani. Zote."

Dawa zetu zinakaa kwenye kopo la biskuti. Jumatano nikalikumbatia kopo, nikamshika mume wangu mkono, tukaenda.

Tulimkuta muuguzi wa makamo, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Fundi aliutazama ule uzi kwa muda. Muuguzi akamsalimia shikamoo, akamkalisha, akamuuliza amelalaje. Nikajibu kwamba amelala vizuri. Akamuuliza anapenda kula nini. Nikajibu kwamba hapendi kitu siku hizi.

"Mama," muuguzi akasema, "leo nampima baba. Siku yako ipo."

Nikanyamaza. Haikuwa kazi rahisi.

Akamwambia mume wangu kwamba atamtajia vitu vitatu, avishike kichwani, baadaye atamuuliza. Vitu vyenyewe vilikuwa kondoo, barua na sufuria. Kisha akamtaka achore saa, aseme siku na mwezi, ahesabu kurudi nyuma. Saa ilichorwa vizuri, namba zikakaa mahali pake. Mwezi alipatia, siku akakosea. Halafu muuguzi akamrudisha kwenye vile vitu vitatu.

"Sufuria," akasema mume wangu. Akakwama. Akanitazama.

Jamani, ningefanyaje? Mume wangu huyu, miaka yote hii. Nikainama kama nafunga kiatu, nikamnong'oneza, "Ng'ombe."

"Sufuria na ng'ombe," akasema Fundi kwa sauti ya mtu mwenye uhakika.

Muuguzi alinitazama juu ya miwani. Nikaendelea kufunga kiatu, na nilikuwa nimevaa ndala.

Hakunigombeza. Akaomba kopo. Akamwaga vyote mezani, nikatamani ardhi inifiche. Kulikuwa na vidonge vya presha vya mume wangu, dawa ya kikohozi iliyokwisha muda wake tangu mjukuu wetu anatambaa, vifungo saba, sindano ya cherehani, na biskuti moja. Muuguzi alipanga kimoja kimoja. Dawa za presha akaziweka upande, akasema hizo aendelee nazo, asiziache bila kuambiwa na daktari. Kisha akashika karatasi za vidonge vidogo, tupu karibu zote, zimefungwa pamoja kwa mpira.

"Na hivi ni vya nani?"

Nikamwambia asihangaike na hivyo, si dawa. Ni vile vidonge vya mafua tu, vya dukani, vinavyoleta usingizi.

"Baba ana mafua?"

Hapo ilinibidi niseme. Mume wangu anakoroma. Anakoroma mpaka majirani wananiuliza kama tumenunua mashine ya kusaga. Mwaka jana alipata mafua, nikampa kile kidonge, akalala kimya kama mtoto. Mafua yakaisha. Kidonge nikaendelea nacho, kimoja kila jioni, na siku nyingine viwili. Ilikuwa miezi minane. Nilikuwa namwambia ni vya kuongeza damu.

Fundi akageuka kunitazama. Naapa hajawahi kunitazama hivyo tangu aliponioa.

Muuguzi alieleza polepole, na alikuwa anamweleza yeye, si mimi. Alisema mwili wa mzee hautoi dawa haraka kama wa kijana. Kidonge cha jana hakijatoka, cha leo kinaingia juu yake. Vidonge hivi vya mafua vinavyoleta usingizi vinaweza kuuvuruga ubongo wa mzee. Anasahau, anachanganya mambo, anasinzia mchana. Kinywa kinakauka, choo kinakuwa kigumu, hata mkojo unaweza kukataa kutoka. Kila alichotaja, mume wangu alikuwa anaitikia kwa kichwa.

"Kwa hiyo si uzee?" nikauliza.

"Siwezi kukuahidi, mama. Kusahau kuna sababu nyingi. Nyingine zinatibika, nyingine ni ugonjwa wa ubongo wenyewe, na huo pia unahitaji hospitali. Kwanza tuondoe hiki, halafu tuone."

Akatuambia pia kwamba kosa si langu peke yangu. Mara ya kwanza tulipokuja, hakuna aliyetuuliza kuhusu dawa, na hilo ni kosa lao, ndiyo maana wamebadilisha utaratibu. Alisema kwa unyenyekevu, nami nikalia. Mume wangu akachukua ile biskuti mezani, akanipa.

Daktari akaja, akaagiza apimwe damu, sukari, macho na masikio. Kidonge cha mafua kikakatazwa siku hiyohiyo. Kisha akauliza Fundi anafanya kazi gani. Safari hii sikujibu.

"Nilikuwa fundi cherehani," akasema mume wangu. "Wameichukua."

Nikaeleza kwamba tulitaka apumzike. Daktari akasema kazi ambayo mtu anaipenda ni chakula cha ubongo, sawa na kutembea, kuongea na watu na kulala usingizi wa kweli. Akiogopa kukosea, aandike vipimo kwenye daftari. Pasi mtu mwingine aiangalie kwa sasa. Lakini vifungo vyake ajifungie, na chai yake akoroge.

Nikauliza, je, mkoromo? Maana mimi pia ni binadamu.

Muuguzi akacheka. Akasema alale ubavu, asilale chali. Na nikisikia pumzi inakatika katikati ya kukoroma, nisinyamaze, nimrudishe wamwangalie, kwa sababu hilo nalo linachosha ubongo.

Binti yetu aliirudisha cherehani kesho yake, akabandua karatasi zote nyumbani. Mwisho wa mwezi ulikuwa umebaki siku tisa. Mtu wa kupanga alikuwa amepatikana, nikamwambia duka lina mwenyewe.

Siku za kwanza hakuna kilichobadilika. Alikaa kwenye cherehani akashona mistari mitupu kwenye vitambaa vibovu. Nilikuwa napita mlangoni najifanya nafagia. Wiki ya pili aliacha kusinzia mchana. Wiki ya tatu aliniambia leo ni Alhamisi na kwamba takataka zilipaswa kutolewa jana. Wiki ya nne aliita walinzi wake wawili, akawashonea suruali mpya. Pipa alikaa, akainama, akachuchumaa, suruali ikamsikiliza. Ufito aliruka mara mbili, haikuanguka.

Kuhusu mkoromo, alifanya jambo ambalo hata muuguzi alilisimulia kwa wenzake. Alichukua fulana yake ya kulalia, akaishonea mfuko mgongoni, kati ya mabega, akatia humo mpira mdogo wa mjukuu. Akigeuka chali, mpira unamuumiza, anarudi ubavu. Bado anakoroma, nisiwadanganye. Ila sasa ni mashine ya kusaga iliyo mtaa wa pili.

Tulirudi hospitali baada ya wiki sita. Majibu ya damu yalikuwa mazuri, macho yalihitaji miwani. Muuguzi akamtajia vitu vitatu vipya, akamzungusha kwa maswali mengine, halafu akamuuliza.

"Kiti, mvua, ndizi," akasema Fundi. "Na vile vya mara ya kwanza vilikuwa kondoo, barua na sufuria. Ng'ombe alikuwa wa mke wangu."

Muuguzi alicheka mpaka akavua miwani. Mume wangu akaichukua, akafungua ule uzi wa zamani, akatoa uzi mpya mfukoni, akaifunga upya vizuri. Muuguzi akasema wataendelea kumwona kila baada ya miezi mitatu. Kisha akanigeukia mimi, akaniambia siku yangu sasa imefika, na je, nimeleta kopo langu?

Siku hizi Fundi ana daftari. Kila mteja anaandikwa, kiuno, mabega na miguu, kwa maandishi makubwa. Juzi alinishonea gauni bila hata kunipima, likanikaa kama ngozi yangu. Nikaenda kulifungua lile daftari, nikatafuta ukurasa kwa ukurasa. Pipa yumo. Ufito yumo. Jirani, binti yetu, mpaka muuguzi yumo. Mimi simo.

Nikamuuliza kwa nini mtaa mzima umeandikwa, mimi nimeachwa, nami nimenenepa kila mwaka tangu harusi.

Hakuinua macho kutoka kwenye sindano. Aligusa tu kichwa chake kwa kidole.

"Kila mwaka narekebisha," akasema.