Bati Juu ya Ua wa Bi Mwavita

Nilipoolewa Ujiji nilikuwa msichana wa Mwandiga, mgeni wa nyumba za mjini. Kilichonipendeza kwanza haikuwa sebule. Ulikuwa ua wa mama mkwe wangu, Bi Mwavita.

Ua ule ulikuwa nyuma ya nyumba, umezungukwa na ukuta mrefu. Mwanamume haingii bila kubisha hodi. Kwa hiyo kinamama wa mtaani walikuja pale na kazi zao. Tulivua baibui, tukabaki na khanga na blauzi za mikono mifupi. Huyu anaanika dagaa, yule anachambua mchele, mwingine anasukwa nywele. Tulinyoosha miguu kwenye mkeka, jua likatupiga, tukapiga soga mpaka mboga inaungulia jikoni. Nikizikumbuka siku zile roho inaniuma.

Kisha biashara ya mume wangu, Nassib, ikamnyookea. Anauza vifaa vya ujenzi. Akasema mama yake amechomwa na jua vya kutosha. Akaezeka bati juu ya ua wote. Chini akaweka vigae, na sebuleni akaleta televisheni kubwa. Alifanya hivyo kwa mapenzi, sikatai. Lakini wenzetu walikoma kuja. Nani atamwaga dagaa kwenye vigae vinavyong'aa? Hata kula dagaa, Nassib alikataa. "Mama sasa ale kuku," alisema.

Miaka ikapita. Bi Mwavita akavuka sitini. Akaanza kulalamikia mgongo na mapaja. Akikaa chini, hainuki mpaka nimshike mikono yote miwili.

"Ni uzee tu, Zaituni," Nassib aliniambia.

Mimi sikukubali. Mama yangu mzazi kule Mwandiga ni mkubwa kuliko yeye, na bado analima.

Asubuhi moja Bi Mwavita alianguka jikoni. Nilimkuta amekaa sakafuni, analia kimya kimya.

"Mama, umeumia wapi?"

"Sijaumia, mwanangu. Naogopa. Marehemu mama yangu alianguka hivi hivi, nyonga ikavunjika. Hakuinuka tena kitandani mpaka tulipomzika."

Maneno yale yalinikata maini. Nikampigia simu Nassib. "Funga duka," nikamwambia. "Mama anakwenda kwa daktari leo."

Kwenye kituo cha afya tulipokelewa na Daktari Restituta, mwenyeji wa Bukoba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Alimpima, akamuuliza maswali mengi. Mwisho akauliza, "Na jua unalipata?"

"Hata chembe," Bi Mwavita alijibu kwa fahari. "Nikitoka nina baibui na mwavuli. Nikiwa nyumbani nakaa karibu na dirisha. Labda hilo la kwenye kioo."

"La kwenye kioo halikusaidii, mama. Kioo kinazuia kile tunachokihitaji."

Damu yake ilichukuliwa ikapimwe. Majibu yalipotoka, tukaitwa tena.

"Mama, mwili wako una upungufu mkubwa wa vitamini D," daktari alisema.

"Ndiyo kitu gani hicho?"

"Ni kirutubisho. Kinausaidia mwili kuchukua madini ya chokaa kutoka kwenye chakula. Madini hayo ndiyo yanayoimarisha mifupa. Vitamini D ikipungua sana, mifupa inadhoofika na misuli inalegea. Mwanamke akishakoma hedhi, mifupa yake huanza kupoteza nguvu haraka. Anahitaji kuiangalia zaidi."

"Inapatikana wapi?" nikauliza.

"Nyingi hutengenezwa na ngozi yenyewe ikipigwa na jua. Ngozi ya mtu mzima hutengeneza kidogo kuliko ya msichana. Kwenye chakula, itafuteni katika samaki wenye mafuta, kiini cha yai na maini. Na dagaa wakiliwa na miba yao wanaleta chokaa."

Bi Mwavita akamgeukia mwanawe. "Umesikia? Dagaa."

Nassib akakohoa. "Basi, Daktari, nitamnunulia kopo zima la vidonge. Ameze asubuhi na jioni, apone haraka."

"Usithubutu," daktari alimkatiza. "Ikizidi mwilini inadhuru figo. Atameza kiasi nitakachomwandikia, kisha tutapima tena. Wala si kila anayeumwa mgongo ana tatizo hili. Ndiyo maana tumepima kwanza."

"Na jua la saa moja asubuhi linatosha?" nikauliza. Wengi husema hilo ndilo zuri.

"Hilo bado dhaifu. Subirini kama saa nne hivi. Mikono na miguu iwe wazi, kwa muda mfupi, mara kadhaa kwa wiki. Ngozi nyeusi inahitaji muda zaidi kuliko nyeupe, lakini asikae mpaka limuunguze. Na atembee. Mifupa inataka kazi."

Bi Mwavita akatikisa kichwa. "Mimi mtu mzima nikae wapi na mikono wazi? Barabarani?"

"Kwani nyumbani hamna ua, mama?"

Mimi na Bi Mwavita tukamgeukia Nassib. Akasema kwa sauti ya chini, "Upo. Nimeuezeka."

Kesho yake alipanda juu mwenyewe, na nyundo mkononi. Aliacha bati upande mmoja tu, wa kujikinga na mvua. Vigae navyo aliving'oa, maana vilikuwa vinateleza.

Jirani yetu Mama Frida alikuwa wa kwanza kurudi, na ungo wake wa dagaa. "Nilidhani mmeshakuwa Wazungu," alisema, akavua viatu. Wengine wakafuata. Hawakurudi wote. Wapo waliohamia mbali, na wapo tuliowazika. Siku ile tuliwataja mmoja mmoja, tukacheka, tukalia kidogo.

Bi Mwavita alimeza dawa kama alivyoelekezwa. Alikula dagaa na mayai. Kila jioni nilitembea naye mpaka msikitini na kurudi. Miezi ikapita, akapimwa tena. Daktari akatabasamu.

Juzi Nassib alirudi mapema. Mama alikuwa amechuchumaa uani, anafua khanga zake. Akaziweka kwenye beseni, akasimama. Hakushika ukuta, hakushika mtu. Nassib akaganda mlangoni, machozi yanamtoka.

"Unanitazama nini?" mama yake akamuuliza. "Nipishe, nataka kuanika."